Msomaji Mmoja wa Saa Kumi

Mwanangu Tima,

Sianzi kwa salamu. Uko chumba cha pili, nakusikia ukifungua na kufunga sanduku lako la bati, na kama ningekuwa na ujasiri ningenyanyuka hapa kwenye kibaraza cha nyuma nikaja kusema nawe uso kwa uso. Sina. Mtaa mzima wajua kwamba Mwanaisha hana mdomo, akisalimiwa huitikia kwa kichwa. Basi nakuandikia kwa kalamu, kwenye karatasi zilizobaki za daftari langu la kemia, maana kwenye simu sitaki kuandika neno lolote kwa sasa.

Najua utalisoma hilo "mwanangu" ukunje uso. Nimekupita miaka minne tu. Lakini mamako ni dada yangu, tumbo moja, na mtoto wake ni wangu. Hilo sikulitunga mimi, nimelikuta. Tangu alipokwenda Ghuba kufanya kazi, wewe una miaka saba na mimi kumi na mmoja, mimi ndiye niliyekufunga vifungo vya shati la shule, na mimi ndiye uliyeniita mama mdogo mbele za watu hata wakacheka. Juzi fomu ya shule yako mpya ilipotaka sahihi ya mzazi, bibi yako alinisukumia kalamu.

"Tia wewe."

"Mama, mimi nina miaka kumi na tisa."

"Nani kakuuliza miaka? Mtoto ni wako. Tia."

Nikatia. Ulikuwa umesimama mlangoni. Zamani ungenitania kwamba sahihi yangu yafanana na sisimizi aliyekanyagwa. Safari hii uliichukua fomu ukasema, "Shukran, Mwanaisha." Kwa jina, kama unayemshukuru karani wa posta. Wiki tatu sasa huniiti mama mdogo. Kesho asubuhi wapanda basi la Voi, na mimi nakataa uondoke hivi kabla hujasikia kutoka kwangu niliyoyafanya.

Ya kufuli, ya ndala, ya sweta kwa baridi ya Taita, ya ndoo isiyoazimwa mtu, bibi yako ameshakwambia mara sita na kesho atakwambia ya saba. Mimi nataka kukueleza nilivyokukosea, toka mwanzo, kwa mpango, kwa sababu hujawahi kuniuliza. Nimekasirika, Tima. Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nitajaribu hasira yangu imwangukie anayestahili, na mara nyingi nitakuwa mimi.

Unakumbuka blogu ilivyoanza. Nilikuwa kidato cha tatu, likizo, maji yamekatika Likoni nzima na ndoo ya bibi yako imeshika foleni bombani siku tatu badala yake. Kwa kuwa ilikuwa ya kwanza kufika, kila aliyeleta ndoo yake aliiweka nyuma ya ile yetu, na siku ya tatu wewe na watoto wenzako mkaanza kuiamkia, "Shikamoo, ndoo," maana ndiyo mkubwa wa foleni. Nikaiandika. Sikuwa na mtu wa kumsimulia kwa mdomo, kwa hivyo nikaiweka kwenye blogu, kwa jina la Jirani, na mliojua ni nyinyi wawili tu, wewe na bibi yako.

Wewe ndiye uliyeitoa nje. Kila saa kumi, baada ya swala ya alasiri, ulichukua simu ya bibi yako ukaenda uani kwa Bi Mwanahamisi, wanawake wakikaa wanasuka ukili wa mikeka, ukawasomea. Siku nzuri walifika kumi na watatu. Ulirudi na harufu ya mkaa na karafuu kwenye nguo, ukanipa habari kabla hujavua viatu.

"Mama mdogo! Walicheka."

"Walicheka wapi?"

"Pale ndoo ilipoamkiwa. Bi Mwanahamisi alicheka akakosea ukili, ikabidi aufumue shubiri nzima. Akasema, 'Huyo Jirani mjinga kanitia hasara.'"

"Na Bi Mwanahamisi anadhani Jirani ni nani?"

"Anasema ni mtu mzima wa Likoni hii hii. Si chini ya miaka hamsini. Kasema mtoto hawezi kuona vile."

Nilitembea na maneno hayo wiki nzima. Mimi, ambaye mwalimu alinisahau darasani mara mbili akanifungia mlango, nilikuwa mtu wa miaka hamsini mwenye macho. Nataka ukumbuke kwamba palikuwa na wakati ambapo swali langu la kwanza lilikuwa hilo, walicheka wapi, na kwamba sikuhitaji swali la pili.

Baada ya mtihani wa kidato cha nne, mwezi wa kumi na moja, nikaenda kwenye yale mafunzo ya bure ya blogu katika ukumbi wa vijana. Ulinisindikiza siku ya kwanza kwa sababu niliogopa kuingia peke yangu. Mkufunzi alikuwa kijana wa bara, mchangamfu, anayeongea haraka. Akatuonyesha namna ya kufungua ukurasa wa takwimu, ile grafu yenye vijiti, ambayo mimi sikuwa nimejua kwamba ipo. Akaja kwenye meza yangu.

"Tisa kwa siku. Si mbaya, dada. Wewe mwenyewe unafungua mara ngapi?"

Nikamwonyesha vidole. Sita. Nilikuwa naifungua kuangalia kama imekosewa herufi.

"Basi toa sita. Usijihesabu, utajidanganya. Hawa wawili wamekaa sekunde nne wakaenda zao, walikuwa wamepotea njia. Anabaki huyu mmoja. Kila siku saa kumi, na anakaa dakika ishirini. Dada, una msomaji mmoja!" Akaligeukia darasa. "Huyu wa saa kumi ni nani, mamako?"

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka.

Hapa ndipo ninapotaka usome pole pole. Yule wa saa kumi alikuwa wewe. Kijiti kile kimoja kilikuwa wewe na wanawake kumi na watatu, na mmoja wao amefumua ukili kwa kucheka. Nilikuwa na jibu mdomoni. Ningesema, "Huyo mmoja ni watu kumi na wanne," na mkufunzi yule, nimpe haki yake, angeliandika ubaoni, kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda kitu kipya. Sikusema. Nikajiambia ni haya zangu. Si haya, Tima, ni uongo. Niliona aibu. Niliwaona wale wanawake na miyaa yao ya kusukia ukili mapajani, wasio na simu za maana, nikaona hawahesabiki. Nilicheka pamoja na darasa, na niliyekuwa namcheka ni wewe.

Sitakudanganya kwamba mkufunzi alitufundisha upuuzi. Alisema tuandike siku ile ile kila wiki ili msomaji ajue pa kutukuta. Alisema tuangalie watu wanakotoka, na wanapoacha kusoma, na wangapi wanarudi, kwa sababu anayerudi mara kumi ana uzito kuliko kumi wanaopita. Yote hayo ni kweli, nami nayaamini hadi leo. Lakini alisema pia kwamba kuna kampuni mjini inatafuta waandishi, na atakayefikisha wasomaji elfu moja kwa mwezi, yeye mkufunzi atampelekea jina huko. Elfu moja. Nilikuwa na mmoja. Nikamuuliza kwa sauti ndogo nifanye nini, naye akaisoma hadithi ya ndoo mpaka nusu.

"Umeandika vizuri, lakini ndoo nani ataibofya? Watu wanabofya watu. Tafuta kisa cha mtu. Kichwa cha habari kiwe na moto, na chochote kinachoupoza moto huo, kata."

Nilirudi nyumbani nikiyarudia maneno hayo. Jioni ile ukaja mbio kama kawaida, "Mama mdogo, leo walicheka," nami nikakukata katikati.

"Tima, nipe idadi. Kicheko hakiingii kwenye grafu."

Ulisimama na kiatu kimoja mkononi. Nakiona kile kiatu mpaka sasa.

Nikaacha kuandika ya mtaani. Nikaandika ya aina za simu, ya nywele, ya namna ya kujua kama mchumba ni mwongo, mambo ambayo sikuwa nayajua hata moja. Nikatuma kiungo kwenye makundi ya watu nisiowajua. Vijiti vikapanda mpaka sitini, vikashuka, vikapanda. Nikavaa visikizio masikioni mchana kutwa. Saa kumi ulikuwa huna cha kuwasomea. Ulikuja ukaniambia, "Bi Mwanahamisi anauliza, Jirani amehama?" Sikuvua visikizio. Nilikusikia, lakini sikuvua.

Halafu ikaja harusi ya Saumu, binti wa Bi Mwanahamisi.

Siku ya kupamba, bi harusi anapoonyeshwa kwa wanawake peke yao, wewe ulipewa kazi ya mlangoni. Ni kazi ya heshima, na Bi Mwanahamisi alikuchagua wewe miongoni mwa wasichana wote kwa ajili ya bintiye. Wanawake wanaingia, wanavua mabuibui, wanabaki na magauni na nywele na mapambo yao, na hakuna simu inayovuka kizingiti. Ulikuwa na beseni la buluu na karatasi ulizoziandika nambari kwa mkono wako, moja unaibandika kwenye simu, moja unampa mwenyewe. Yangu ilikuwa ishirini na sita. Ulinipa kwa madaha, "Ingia, bibie, simu yako iko salama," nasi tukacheka. Ndiyo mara ya mwisho tumecheka sote.

Yaliyotokea ndani wewe hukuyaona, ulikuwa mlangoni. Bi harusi ameketi kwenye kiti chake, dhahabu toka kichwani hadi kifuani, na shangazi ya bwana harusi, aliyekuja na watu wake kutoka Kisauni, akasogea akaushika mkufu kama mtu anayepima nyanya sokoni. Akasema, na alitaka asikiwe, "Hii naijua. Niliiona Shanzu mwezi uliopita, kwa bi harusi mwingine. Ni ya kukodi." Saumu akainama. Machozi yakaanguka kwenye mkono uliochorwa piko.

Nilitoka pale, nikachukua simu yangu namba ishirini na sita, nikaja hapa kwenye kibaraza, nikaandika. Sikutaja jina la mtu. Sikupiga picha, simu ilikuwa kwenye beseni lako. Nilijiambia kwamba katazo ni la simu, na mimi nimelitii. Msichana wa pwani, niliyekulia kwenye kupamba tangu nabebwa, nilijiambia upuuzi huo! Kila mwanamke aliyevua buibui mle ndani alijua maana ya mlango ule. Simu ni chombo tu. Kinachoachwa mlangoni ni ulimi. Nilijua, na niliandika.

Kichwa nilikiita "Dhahabu ya Kukodi Yamliza Bi Harusi wa Likoni."

Na nilikata jambo moja. Hili hujalisikia, kwa sababu hakuna aliyelisambaza, na hakuna aliyelisambaza kwa sababu mimi nililiondoa. Baada ya maneno yale Bi Mwanahamisi alisimama. Hakupaza sauti. Alimwendea bintiye, akamfuta machozi kwa kanga yake, akamgeukia yule shangazi akasema, "Ndiyo, ni ya kukodi. Huyu aliyeivaa si wa kukodi." Vigelegele vilivyofuata nadhani hata wewe ulivisikia mlangoni. Yule shangazi alitafuta pa kuweka uso. Saumu aliinua kichwa, na walioshuhudia watakwambia hakukiinamisha tena mpaka mwisho.

Nililiandika jibu hilo. Lilikuwa sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na haikuwa yangu. Kisha nikausoma ukurasa toka juu, nikaona jibu linaupoza moto wa kichwa, maana bi harusi halii tena mwishoni, anashinda. Nikalikata. Nilimwacha Saumu analia mbele ya watu wasiomjua, nikamnyamazisha mamake, ili kijiti kirefuke.

Kikarefuka. Siku ya kwanza mia tatu. Siku ya pili elfu moja na zaidi. Nilikuwa naamka, naangalia, naweka simu, naichukua tena. Ile ramani ya wasomaji iliwaka Kenya, ikawaka Tanzania, ikawaka mpaka Ghuba, nami nikajivuna, nina wasomaji ng'ambo! Wa Ghuba nikaja kuwajua haraka. Mamako alipiga simu anacheka hajiwezi.

"Nyinyi! Mbona hamniambii? Kuna kisa cha bi harusi na dhahabu ya kukodi, wenzangu wote hapa wanakisoma. Ati ni wa huko Likoni. Ni nani?"

Bibi yako alinitazama. Mimi nikatazama dirisha. Aliyejibu ni wewe, ulisema, "Hatujui, Mama." Umri wako miaka kumi na mitano, ukamdanganya mamako kwa ajili yangu.

Kurasa za udaku zikakichukua. Hao sitawasamehe, niseme wazi. Walikibandika na vikatuni vya kucheka, wakatia chumvi yao, mmoja akasema bi harusi alizirai, mwingine akasema ndoa imevunjika siku ile ile. Watu wasiojua Likoni iko upande gani wa maji walimtukana mtoto wa watu kwa mkufu. Lakini niliyewapikia ni mimi. Chungu chote kilikuwa changu. Wao walikuja na sahani tu.

Siku ya nne wanawake wa uani wakakugeukia wewe.

Sikuwepo uani, lakini uliyoambiwa nimeyasikia kwa bibi yako. Walisema maelezo yale ni ya mtu aliyeona video, haiwezekani mtu akakumbuka mpaka rangi ya piko. Kwa hivyo kuna simu iliyoingia. Kwa hivyo mwenye beseni ameipitisha. "Umepewa nini, Tima? Umehongwa na nani?" Wanawake kumi na watatu wazima, wengine wamezaa watoto sita, wakamzunguka msichana mmoja! Nimewakasirikia, na sitakwambia kwamba hasira hiyo imepoa. Walikuwa wamekusikiliza miaka miwili ukiwasomea, na hawakukupa hata dakika mbili za kukuuliza kwa upole. Bi Mwanahamisi ndiye aliyekwambia, "Usije tena hapa." Baadaye nilisikia kwamba watoto wa huko kwa wakwe zake Saumu wanamfuata njiani wakimwita Kukodi, nikaelewa mama yule alikuwa amechomwa kiasi gani. Nimeelewa. Bado nimekasirika.

Na wewe hukunitaja. Hilo nalo lilinitia hasira, Tima, na nakuomba unielewe. Kila siku niliyokuona umekaa chumbani saa kumi, huna pa kwenda, nilikuwa nasema moyoni, nitaje, basi, nitaje yaishe. Nilikutaka wewe unifanyie hata kazi ya kukiri. Siku kumi na saba nilikuacha ubebe. Kisa nilikifuta siku ya sita, nikadhani nimefanya jambo. Nilifuta ukurasa, sikufuta jina alilobandikwa mtoto wa mtu wala ulilobandikwa wewe. Na kabla ya kufuta, nakuungamia hili pia, niliangalia grafu mara ya mwisho kuona imefika ngapi.

Mkufunzi alinipigia. Jina langu lilikuwa la kwanza kwenye orodha yake ya kwenda kampuni. "Dada, umeua!" alisema. Nikamwambia, naomba uliondoe jina langu. Akauliza kwa nini. Nikakata simu. Hiyo elfu moja ilikuja mara moja, ikasoma kichwa, ikatazama mtu akilia, ikaenda. Sijui hata mmoja wao. Hakuna aliyerudi kuuliza Jirani amehama wapi. Aliyeuliza hivyo ni Bi Mwanahamisi peke yake.

Jana asubuhi bibi yako alikwambia uanze kuzunguka kuaga majirani, kama ilivyo ada ya anayesafiri. Ulisema, "Kwa Bi Mwanahamisi siendi." Ukalisema polepole, bila kulia. Nilikuwa nimeshika ufagio. Nikaona kwamba utaondoka mtaa uliokulea kwa kupita njia ya nyuma, kama mwizi, na mwizi ni mimi.

Basi saa kumi nikaenda. Bibi yako amekwambia kwamba nilikwenda, na kwamba sasa unaitwa kule, lakini hakukwambia nilivyokuwa, kwa sababu hakuwepo. Nilisimama kwenye lango la ua. Kumi na mmoja walikuwepo, niliwahesabu, ndiyo tabia yangu siku hizi. Mikono yao haikuacha kusuka.

"Hodi."

Hakuna aliyesikia. Ikabidi niseme tena, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyopanga, hata kuku wakakimbia.

"Hodi! Shikamooni. Jirani ni mimi. Kisa cha Saumu nimekiandika mimi. Tima hakupitisha simu ya mtu. Simu yangu ilikuwa kwenye beseni, nambari hii hapa."

Nikanyoosha kile kikaratasi. Mikono ikaacha kusuka. Bi Mwanahamisi alikuwa anapima ukili, amenyoosha mikono yote miwili toka ncha hadi ncha, akabaki hivyo hivyo kama aliyesulubiwa.

"Kumbe mdomo unao," akasema. "Miaka yote hii twadhani Mungu kakunyima, twakuhurumia."

Mmoja akaguna, "Ati miaka hamsini!"

"Nyamaza wewe." Akaushusha ukili mapajani. "Wajua mtoto yule amekaa siku ngapi na jina la mwizi?"

"Abee. Kumi na saba."

"Wazihesabu! Mie ukili naupima kwa mikono yangu, najua ulipoanza na ulipoishia. Wewe umetupima kwa nini, hata ukaona tunatosha kuuzwa?"

Nikamwambia kwamba nililikata jibu lake, ile sentensi, na kwamba ninaweza kuiandika sasa, watu wajue alivyosema. Hapo ndipo alipokasirika kweli.

"Ng'o! Usiandike. Hata la kunisifu usiandike. La ndani limesemwa ndani, waliolisikia wanatosha."

Kwa hivyo nimeliandika hapa tu, kwa ajili yako, kwa sababu wewe ulikuwa wa mle ndani, ila ulikaa mlangoni kutulinda. Usimwonyeshe mtu.

Nilimwomba radhi. Hakunipa. Alisema, "Mtoto na aje, mlango uko wazi, na mimi ndiye nitakayemwomba yeye. Wewe ngoja kwanza. Sijakumaliza." Nikasema, "Inshallah nitangoja," nikatoka. Sijui nitangoja mpaka lini. Kwa Saumu nitakwenda pia, Jumamosi, na yule hana sababu yoyote ya kunifungulia.

Sina wosia wa kukupa, Tima. Huko uendako utaandika, najua, umeshaanza, nimeyaona madaftari yako chini ya godoro na sikuyafungua. Ukitaka blogu hii siku moja, ni yako, ina hadithi ya ndoo na nyingine nne ambazo sizionei haya. Ninalokuomba ni moja, na ni la kwangu zaidi kuliko la kwako: usimfiche tena mtu anayekuumiza, hata akiwa ni mimi. Kile kikaratasi cha ishirini na sita nimekitia ndani ya barua. Ni mwandiko wako. Kazi yako ya mlangoni uliifanya sawasawa.

Nimesikia sanduku limefungwa. Nimesikia ukimwambia bibi yako, "Naazima simu," na lango likalia. Nadhani umekwenda dukani kununua kufuli.

Imepita muda tangu niandike mstari huo wa juu. Nilikuwa nimeapa kutoifungua tena ile grafu, na nimeifungua, mara ya mwisho, nisamehe. Leo ina kijiti kimoja. Mmoja tu, kuanzia saa kumi, ukurasa wa ndoo, na bado hajatoka.

Sina visikizio masikioni. Ua wa Bi Mwanahamisi ni nyumba ya tatu tu kutoka hapa, na leo upepo unaleta sauti upande huu. Siyasikii maneno. Nasikia sauti yako inapanda na kushuka kama ya mtu asomaye, kisha kimya, kisha wanawake wanacheka, wengi, kwa pamoja, na mmoja anagomba juu ya ukili wake.

Sikualikwa. Nimekaa hapa hapa, na nimekasirika bado, na siwezi kueleza kwa nini nalia.

Sitatia sahihi, nimeshatia kwenye fomu. Lango limelia, ni hatua zako. Naacha kalamu hapa nije nikuulize kwa mdomo wangu mwenyewe: walicheka wapi?